Seti ya kuvulia kilindini kwa anayeanza: tathmini baada ya safari tano nje ya Nungwi

Mwezi wa Novemba mwaka jana nilinunua, katika duka moja la Kariakoo jijini Dar es Salaam, seti nzima ya kuvulia samaki wa chini katika maji ya kina kirefu, kwa shilingi 380,000. Ndani ya boksi mlikuwa na rodi ya futi 6, rili ya ngoma iliyokwisha kuzungushiwa mita 300 za mshipi wa nailoni, pakiti mbili za ndoana, chubwi sita za risasi (vile vizito vya kuushusha mshipi) na mkoba wa kubebea. Jina la kiwanda halikuwa lolote ninalolijua, ila boksi liliahidi kwamba vifaa hivyo vinafaa kwa bahari kuu na kwa mvuvi anayeanza. Nimekwenda nayo safari tano, zote nje ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwenye kina cha kati ya mita 60 na mita 120. Ninaiandikia tathmini kwa ajili ya mtu aliyepo pale nilipokuwa mimi: anayejua kuvua ukingoni mwa mwamba kwenye maji ya pima tano au kumi (mita tisa hadi kumi na nane hivi), na sasa anatamani kushusha mshipi mahali ambapo jua halifiki.

Nilichagua Nungwi kwa sababu ya umbo la bahari yake. Mlango wa bahari ulio kati ya Unguja na bara si wa kina kirefu, na mvuvi anaweza kuvuka wote asipate maji ya kuijaribu seti kama hii. Lakini ukitoka Nungwi kuelekea kaskazini sakafu ya bahari huporomoka, na kati ya Unguja na Pemba kuna vilindi vya mamia ya mita, ambamo humo humo mmeinuka mwamba mpana ambao ramani za baharia huuita Leven Bank. Samaki wa chini hupenda kingo za namna hiyo. Chewa hukaa kwenye mapango ya mteremko, changu na fuatundu hutembea kwa makundi juu kidogo ya mawe, na kolekole hupita juu yao wakiwinda. Maji ya huko pia hayatulii: mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbia kuelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, huongeza nguvu. Kifaa kisichofaa hujulikana huko ndani ya saa moja.

Kabla sijasema kipi kilifaa na kipi hakikufaa, ni lazima nieleze kipimo nilichokitumia, kwa maana mwanzoni mimi mwenyewe nilikuwa na kipimo kisicho sahihi. Nilidhani seti nzuri ni ile yenye nguvu ya kumpandisha samaki mkubwa. Nguvu inahitajika, sikatai, lakini inakuja baadaye. Jambo la kwanza katika uvuvi wa chini ni kuisikia sakafu: kujua kwa kidole chako kwamba chubwi imegusa, kujua kama imegusa mchanga au jiwe, kujua kwamba boti imesogea na mshipi sasa umelala upande, na kutofautisha samaki anayeonja chambo na mkondo unaoutikisa mshipi. Asiyesikia hayo havui, anasubiri bahati. Kwa hiyo kila kilichomo kwenye boksi nimekipima kwa swali moja: je, kinanisaidia kusikia kilichopo mita mia moja chini yangu, au kinanizuia?

Nianze na mshipi, ambao ndio ulioiangusha seti hii.

Nailoni iliyokuja na rili ilikuwa na unene wa milimita 0.70, na maandishi yake yalisema inahimili kilo 23. Kwa maji mafupi ni mshipi mzuri usio na lawama. Kwenye kina cha mita 110, au pima sitini kama wanavyohesabu wavuvi wetu, ulikuwa kama umefungwa kwenye mpira. Nailoni hurefuka inapovutwa, na ile ya kawaida huweza kurefuka kwa asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika. Fanya hesabu hiyo kwenye mita 110 utaona kwamba hata mvuto mdogo tu unameza mita kadhaa za mshipi kabla ndoana haijajua kwamba mtu wa juu amevuta. Samaki akigonga kule chini, pigo lake hufia njiani. Katika safari ya kwanza nilipandisha ndoana tupu mara saba, chambo kimeliwa kwa ustadi hadi uzi niliokifungia, na sikuwa nimesikia hata mara moja.

Nahodha wetu, mzee wa Nungwi aliyeanza kuvua kwa mshipi wa mkono akiwa mtoto, alikuwa ameketi tezi, nyuma ya boti, akinitazama. Nilipopandisha ndoana tupu ya saba alisogea, akauchukua mshipi wangu kwa kidole cha shahada, akaulaza juu ya kiungo cha kwanza cha kidole, akafumba macho kwa muda.

“Huu haukwambii kitu, mwanangu,” alisema. “Unakuficha. Shika huu wangu.”

Mshipi wake ulikuwa wa kusuka, mwembamba, umezungushwa kwenye kipande cha ubao bila rodi wala rili. Nilipoupokea nilisikia chubwi yake ikigonga jiwe, ikainuka kwa wimbi, ikagonga tena, wazi kama mtu anayebisha hodi mlangoni. Kisha kikaja kitu kingine, mitetemo miwili midogo ya haraka, nikamtazama. “Huyo changu anaonja,” alisema. “Ngoja. Wa tatu ndio wake.” Pigo la tatu lilikuwa zito, mshipi ukakaza, tukampandisha changu wa kilo mbili hivi. Sikuhitaji tena kuelezwa tofauti ya mishipi hiyo miwili.

Mshipi wa kusuka hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za plastiki yenye nguvu kubwa sana, na Dyneema ni mojawapo ya majina yanayojulikana zaidi. Urefukaji wake ni asilimia chache tu, na kwa nguvu ile ile ya kilo 23 unene wake ni kama nusu ya nailoni yangu. Unene huo una maana kubwa kuliko anavyodhani anayeanza, kwa sababu mkondo wa maji hausukumi chubwi peke yake, unausukuma mshipi wote kutoka juu hadi chini. Mshipi mnene wa mita 110 hufanya tumbo majini kama tanga, ukaivuta chubwi mbali na mwamba, na hapo huongezi uzito bila kuongeza taabu. Baada ya safari ya kwanza niliitoa nailoni yote, nikabakisha mizunguko michache chini kabisa ya ngoma, kwa kuwa mshipi wa kusuka ukifungwa juu ya chuma kitupu huteleza na kuzunguka wote kwa pamoja. Juu yake niliweka mita 300 za mshipi wa kusuka wenye rangi inayobadilika kila mita 10, ili nihesabu kina kwa macho. Uliongeza shilingi 95,000 kwenye gharama zangu, na hizo ndizo fedha nilizozitumia vizuri kuliko zote.

Una madhara yake, na ni haki yako kuyajua. Hukata kidole kama wembe. Usiuzungushe mkononi kwa namna yoyote, hata ukiwa umekwama kwenye jiwe na unataka kuukata. Uzungushe kwenye kipande cha mti au kwenye nguzo ya boti. Mimi nina kovu kwenye kidole cha kati kwa ajili ya kusahau jambo hilo kwa nukta moja. Vilevile hauvumilii mawe makali, ndiyo maana lazima mwisho wake uungwe na kipande cha nailoni nene, cha mita tatu hadi tano, chenye kuhimili kilo 36 hivi. Kiungo kati ya mishipi hiyo miwili ndipo samaki wengi wa anayeanza hupotelea. Fundo ninalolitumia ni lile la pande mbili, ambapo kila mshipi hujifunga kwenye mwenzake na kisha mafundo mawili huvutwa yakakutana. Upande wa kusuka huzungushwa mara nane na upande wa nailoni mara nne. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwa maana likikazwa kavu huungua kwa msuguano na hukatika pale pale siku ya samaki mkubwa.

Chubwi za seti zilikuwa tatu za gramu 200 na tatu za gramu 300. Siku ya kwanza ilikuwa karibu na mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, na hata ile ya gramu 300 haikukaa chini zaidi ya dakika moja. Tulihitaji za gramu 500 na, maji yalipokaza, za gramu 700, ambazo nahodha anazo zake za kumimina mwenyewe. Kosa hilo lilikuwa langu kwa nusu, kwa kuwa nilichagua siku bila kuuliza. Mvuvi anayeanza na aende wakati wa maji mafu, yaani siku za katikati kati ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katikati kati ya mpevu na kwisha kwa mwezi, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo na mkondo hupungua. Ndani ya siku yenyewe, saa bora ni zile ambazo maji yamesimama, kabla hayajageuka. Safari yangu ya tatu ilikuwa tarehe 8 ya mwezi mwandamo, na chubwi ile ile ya gramu 300 iliyoshindwa ilikaa chini ikigonga vizuri kwa karibu saa nzima. Hata hivyo muuzaji anayeandika “bahari kuu” juu ya boksi anapaswa kuweka ndani yake angalau chubwi mbili za nusu kilo.

Namna ya kuzifunga ni sehemu ya utaalamu ambayo boksi halikuieleza kabisa, kwa hiyo naieleza hapa. Chubwi hukaa mwisho kabisa, chini. Juu yake, kwenye nailoni nene, hutoka matawi mawili mafupi, kila moja la urefu wa kiganja na nusu, la kwanza kiasi cha nusu mita juu ya chubwi na la pili nusu mita nyingine juu yake. Kila tawi lina ndoana. Pale mshipi mkuu unapokutana na mpangilio huo weka kile kiungo kidogo cha shaba kinachozunguka, ili chambo kinapozunguka majini kisiusokote mshipi wote. Jambo ambalo nahodha alilisisitiza kuliko yote ni kwamba chubwi ifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, wa kilo saba au nane. Mwamba ukiikamata chubwi, huo uzi ndio utakaokatika, nawe utapandisha ndoana zako na samaki wako. Katika safari tano nimepoteza chubwi kumi na moja na mpangilio kamili mmoja tu, na huo mmoja ni kwa sababu nilikuwa nimeishiwa na uzi mwembamba nikatumia mnene.

Ndoana za seti zilikuwa za kawaida zilizonyooka, pakiti moja ya namba ndogo isiyomfaa chewa. Nilizibadilisha kwa ndoana za duara, ambazo ncha yake imekunjwa kuelekea kwenye shina, namba 6/0 kwa changu na 8/0 kwa chewa. Nimetumia za Mustad, kiwanda cha Norwei ambacho wavuvi wa pwani yetu wamekifahamu kwa vizazi, na sijapata moja iliyonyooka wala kuvunjika. Ndoana ya duara inamtaka mvuvi aache mazoea yake. Samaki akivuta, usikurupuke ukaipiga rodi juu, kwa kuwa utaitoa ndoana kinywani kabla haijageuka. Anza kukunja rili polepole na mfululizo, na ndoana itateleza yenyewe hadi pembeni mwa mdomo ikashika. Ina faida nyingine ninayoipenda kwa moyo wote, kwamba haimezwi hadi tumboni mara nyingi, na hivyo samaki mdogo unayetaka kumrudisha hana jeraha la ndani.

Chambo hakimo kwenye seti, wala hakipaswi kuwamo. Ngisi mbichi ndiye bora kwa kina hicho kwa sababu nyama yake ni ngumu na haibanduki inaposhuka mita mia. Vibua waliokatwa vipande huvuta samaki haraka zaidi kwa mafuta yao, lakini kikande mmoja anaweza kuimaliza chambo chote kabla chewa hajatoka pangoni. Mimi hufunga kipande cha kibua ndani na ukanda wa ngisi nje.

Sasa rili. Ni kifaa ambacho sina uhasama nacho, lakini sikipendekezi kwa safari nyingi. Kila mzunguko mmoja wa mpini unakunja takriban sentimita 60 za mshipi, maana yake ni kwamba kupandisha chubwi tupu kutoka mita 110 kunataka mizunguko zaidi ya 180. Fanya hivyo mara ishirini kwa siku, chubwi ikiwa ya nusu kilo, na utaelewa kwa nini mpini unapaswa kuwa mrefu na wenye kishikio kinene. Wa kwangu ulikuwa mfupi na kishikio chake kilikuwa kama cha kitasa cha kabati. Breki yake ilikuwa laini mwanzoni. Niliipima nyumbani kwa mizani ya kuning’iniza, nikaikaza hadi mshipi uanze kutoka kwenye kilo 6, ambayo ni kama robo ya nguvu ya mshipi, kipimo ambacho kinamwachia samaki nafasi ya kukimbia bila kukata. Katika safari ya tatu ilianza kutoka kwa kushtuka-shtuka, na katika ya nne chewa mmoja aliingia pangoni nikiwa naishika ngoma kwa kiganja. Nilipoifungua nilikuta chumvi imeingia hadi kwenye beringi mbili, ingawa kila jioni nilikuwa naimwagia maji baridi na kuifuta. Fundi wa Darajani, mjini Zanzibar, alinibadilishia beringi kwa shilingi 15,000, na sasa inafanya kazi, ila siiamini tena.

Kwa anayeanza, rili ya ngoma ya chuma iliyotumika, ya kampuni inayojulikana kama Penn au Shimano, ni bora kuliko mpya isiyo na jina, mradi uikague breki yake kwa mizani kabla ya kulipa. Zipo pia rili za umeme, ambazo Shimano na Daiwa za Japani huzitengeneza, zinazotumia betri ya volti 12 na kupandisha mshipi kwa kubonyeza kitufe. Nimeiona moja ikifanya kazi kwenye boti ya wageni, na kwa kina cha mita 300 nakubali kwamba inahitajika. Kwa mita 100 nakushauri uanze kwa mkono, kwa sababu mkono ndio unaojifunza kusikia.

Rodi ilinishangaza kwa uzuri. Ni fupi, nene upande wa chini, ncha yake inainama kiasi cha kuonyesha samaki anapoonja, na urefu wa futi 6 ni sahihi kabisa kwa boti. Rodi ndefu humpa samaki wa chini nafasi ya kukuvuta wewe badala ya wewe kumvuta yeye. Kasoro yake moja ilikuwa kwenye pete ya juu kabisa, ile inayopitisha mshipi. Ndani yake mna kigae cheupe, nacho kilikuwa na ufa ambao sikuuona kwa macho. Niliugundua kwa kupitisha pamba: nyuzi za pamba zilinasa. Ufa wa namna hiyo hauidhuru nailoni sana, ila mshipi wa kusuka utakatwa uzi baada ya uzi mpaka ukatike bila sababu unayoijua. Yeyote anayenunua rodi na aende dukani na kipande cha pamba, akipitishe kwenye kila pete.

Kuna jambo moja ambalo hakuna seti niliyoiona ikiuzwa pamoja nalo, nami naona ni upungufu mkubwa kuliko wa beringi. Katika safari ya pili nilimpandisha chewa mdogo, hakufika hata nusu kilo. Alifika juu macho yamemtoka, tumbo limesukumwa nje ya kinywa kama puto. Kila mita 10 za maji huongeza kiasi cha mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo hewa iliyomo katika kibofu cha samaki aliye mita 100 chini hutanuka mara kumi na moja anapofika juu. Nilimrudisha majini, akaelea chali, akipiga mkia bila kwenda popote, hadi kipanga wa baharini akamchukua. Sikulifurahia jambo hilo, hasa kwa kuwa chewa hukua polepole, na wengi wao huanza maisha wakiwa majike kisha baadhi hugeuka madume wakiwa wakubwa, hivyo tukichukua wadogo na wakubwa kwa pamoja tunakiharibu kizazi pande zote mbili. Tangu hapo nina chubwi ya kilo moja niliyoifunga ndoana kubwa iliyosagwa kishikizo chake (kile kijino cha ncha kinachoizuia ndoana isitoke), ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Huishikiza kwenye mdomo wa samaki, ikamshusha hadi chini, na mvuto mmoja wa juu humwachia. Samaki wawili niliowashusha kwa njia hiyo hawakuelea tena. Kifaa hicho kilinigharimu kama shilingi 6,000, na sioni sababu ya muuza seti kukikosa.

Ninaposema kwamba mkono unatosha, sisemi kwa ajili ya kubana matumizi tu. Samaki wa kale anayeitwa silikanti, ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, alipatikana mara ya pili mwaka 1952 Komoro, kwenye kisiwa cha Nzuwani, kwa mshipi wa mkono wa mvuvi wa usiku. Wangazija na ndugu zao wa visiwa vingine walikuwa wakishusha mishipi kwenye vilindi vya namna hiyo kwa kutumia jiwe kama chubwi, miaka mingi kabla ya rili yoyote kufika. Kwetu Tanzania samaki huyo alianza kupatikana mwaka 2003, na baada ya hapo wengi wakanaswa Tanga, katika majarife, yaani nyavu kubwa, yaliyotegwa kwenye maji marefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Nalitaja hili pia kwa sababu anayevua kilindini katika pwani hii anapaswa kumtambua: mwili wa buluu nzito wenye madoa meupe, na mapezi yenye nyama kama viungo. Akija kwenye ndoana yako, mshushe haraka, na kabla ya kutupa mshipi karibu na eneo la hifadhi uliza kwanza mipaka na vibali.

Huduma ya boti nitaieleza kwa ufupi. Tulilipa shilingi 250,000 kwa siku, watu watatu, mafuta yakiwamo. Boti ilikuwa na injini mbili na maboya ya kuvaa ya kutosha, na nahodha alikataa kututoa siku moja ambayo kaskazi ilivuma, japo tulikuwa tumekwisha kufika ufukweni na fedha mkononi. Hiyo kwangu ndiyo alama ya juu kabisa anayoweza kupata mwenye chombo. Kuipata sehemu yenyewe alitumia alama za nchi kavu, akiulinganisha mnara wa taa wa Nungwi na minazi fulani, kisha akahakikisha kwa kifaa cha kupimia kina. Akifika hatupi nanga papo hapo. Huiacha boti ielee kwanza dakika chache aone mkondo unaipeleka wapi, ndipo hurudi juu ya mkondo na kutia nanga mahali ambapo kamba ikinyooka boti itakuwa juu ya ukingo wa mwamba wala si juu ya mgongo wake. Mita 20 pembeni na unavua mchanga mtupu.

Nilirudi Kariakoo mwezi wa Februari, nikiwa na ile pete yenye ufa na beringi mbili kwenye bahasha. Muuzaji alinisikiliza hadi mwisho. Pete aliibadilisha bila malipo, beringi alikataa. Nilipomweleza habari ya nailoni alikiri kwamba wateja wengi huja baada ya mwezi kununua mshipi wa kusuka, na akakubali kumuuzia rafiki yangu anayeanza sasa rodi ile ile peke yake kwa shilingi 110,000. Tuliongeza mshipi wa kusuka, ndoana za duara ishirini, chubwi nne za nusu kilo na rili ya Penn iliyotumika tuliyoipata kwa fundi wa Darajani kwa shilingi 130,000, breki yake ikishika sawasawa kwenye kilo 7. Jumla ilifika shilingi 372,000, pungufu ya shilingi 8,000 kuliko boksi zima, naye atatoka nayo kwa mara ya kwanza maji mafu yajayo.